Sindano badala ya kisu
Ndugu zangu katika imani, Mtume (s.a.w.) alikataza kuvunja mfupa wa maiti, akaulinganisha na wa aliye hai. Ndiyo maana wazazi wengi hukataa mtoto wao aliyefariki apasuliwe, nami siwalaumu. Lakini ipo njia nyingine, inayotumika Mali na Bangladesh kwa Waislamu wenzetu: daktari huchoma sindano, akatoa vipande vidogo vya ini, mapafu na ubongo, vikapimwa kwa darubini. Kifua hakifunguliwi, maiti huoshwa na kukafiniwa kama kawaida. Kwa maoni yangu, wazazi wakiridhia, haja ipo: jibu hilo huenda likamwokoa mdogo wake. Kuomba idhini usiku wa msiba ndiyo kazi ngumu. Wenzetu mnaosomea udaktari, jifunzeni kwanza kutoa pole.