Mfungwa Aliyeshiba

Je, mtu aliyemfunga kiumbe wa Mungu na kumpa chakula kila siku amekwisha timiza haki yake? Wengi hujibu kuwa ndiyo, nao hutaja hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi, husema, aliyelisha ameokoka. Sisi twaona jibu hilo ni fupi mno, na atakayetuonyesha ufupi wake ni kiumbe anayedharauliwa sana, yaani mjusi.

Tuseme kijana wa Karatu amemkamata mjusi ukutani, akamtia katika sanduku la kioo na kumpa funza na nyenje mpaka akashiba. Baada ya miezi michache aona vidole vya mjusi vyatetemeka, taya limelegea, miguu imepinda, wala hawezi tena kupanda. Tumbo limejaa, na mifupa yaangamia! Ugonjwa huu ni ndugu wa matege ya watoto. Wadudu hao wana fosforasi nyingi, bali kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ni kidogo sana. Na bila vitamini D mwili hauwezi kuifyonza hata hiyo kidogo. Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu. Kwa hiyo mwili huikopa mifupani siku baada ya siku, mpaka mifupa ikawa laini.

Huko nje alikuwa na wadudu wa aina nyingi, na jua alipolitaka. Miale ya jua itengenezayo vitamini D haipenyi kioo cha dirisha, hivyo sanduku lililowekwa dirishani lina mwanga usio na faida hiyo. Tena Karatu ni nchi ya juu, na ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita mita 2,000. Usiku wa Juni na Julai baridi ni kali. Mjusi hana joto lake mwenyewe, na bila joto hawezi kumeng'enya alichokula. Aliye huru hutafuta ufa wa jiwe lililopata jua. Aliyefungwa atautafuta wapi?

Kwa hiyo aliyemfunga amejiweka mahali pa jua, pa jiwe na pa kichaka, na ataulizwa juu ya vyote hivyo. Turudie hadithi ya paka: kosa halikuwa njaa peke yake, bali kuufunga mlango wa riziki.

Msomaji atauliza: je, hazimo katika Bukhari na Muslim hadithi za kuamrisha mjusi auawe, kwa kisa cha moto wa Nabii Ibrahimu a.s.? Zimo. Lakini Kurani Tukufu yafundisha kuwa wanyama ni umati kama sisi, na kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Basi mjusi wa leo ana dhambi gani ya moto ule? (Tumemwita “mjusi kafiri”, naye hajapata kukanusha lolote.) Na hata anayeona yafaa kumwua, Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza kuua kuwe kwa wema, na mnyama asiteswe. Hana ruhusa ya kumwua kwa miezi sita.

Hatusemi kufuga ni haramu; Mtume s.a.w. hakumkataza mtoto Abu Umair ndege wake. Lakini iko sheria ya nchi pia, na katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, hakamatwi mnyama bila kibali. Mijusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, walikamatwa kwa maelfu wakauzwe ng'ambo kama mapambo, mpaka mwaka 2017 mkataba wa kimataifa ulipoipiga marufuku biashara hiyo.

Na aliyekwisha kuugua? Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu, apewe joto na taa ya miale ifaayo, asishikwe-shikwe; vitamini D ipimwe, maana ikizidi hudhuru. Mifupa itakuwa migumu tena, bali iliyopinda itabaki imepinda. Mjusi huyo harudishwi ukutani, kwa kuwa hatakamata nyenje wala hatamkimbia paka. Aliyemfunga atamtunza mpaka afe, na mjusi huishi miaka kadhaa.