Tusimlaani ndugu yetu mlevi

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Pombe ni haramu, Suratul Maida aya ya 90 ilimaliza mjadala. Lakini vijana wanaopakua mitumbwi hapa Kituku na kulala wamelewa kanyanga ni watoto wetu. Tunawatukana njiani, kisha tunaingia kuswali.

Zama za Mtume (s.a.w.) kulikuwa na mtu mcheshi aliyemchekesha Mtume. Aliadhibiwa kwa ulevi mara kwa mara. Mmoja akamlaani, Mtume akamkataza, akasema anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, laana hapana.

Huko Eldoret, Kenya, mtafiti wa saikolojia Rebecca Papas na wenzake walifuatilia wanywaji 614 wenye virusi vya ukimwi. Baadhi walikaa katika vikundi mara sita, dakika 90 kila juma, wakizungumza: nini kinanisukuma kunywa, nitakataaje rafiki akinipa kikombe? Viongozi wao hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba hao walipunguza pombe kuliko waliopewa masomo ya afya tu. Kumbe hata sisi tunaweza kujifunza kazi hiyo!

Ila tahadhari. Anayekunywa sana kila siku, akiachishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kushikwa na degedege, hata kufa. Wazazi, msimfungie chumbani mkamsomea Kurani tu. Msomeeni, na mpelekeni hospitali.

Na Ijumaa akija amelevuka, msogezeeni nafasi kwenye safu.