Siku Sita Hazinisumbui

Jioni tukikaa nje ya kanisa hapa Kakuma, mjadala wa mageuko ya viumbe hauishi. Chanzo chake hakiko mbali. Mwaka 1984, huko Nariokotome, katika kaunti hii hii ya Turkana, ilipatikana mifupa ya mvulana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Sasa Adamu tumweke wapi? Pasta wetu, mtu mpole, anajibu kwamba siku za Mwanzo huenda zilikuwa vipindi virefu. Wakatoliki wanakumbusha kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1996, alisema nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu. Basi, tunaitikia, tunaenda kulala.

Mimi silali. Siku sita hazijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni damu.

Kule kwetu Fizi, dada yangu alizika mtoto wa miaka minne kwa sikoseli. Muuguzi alitueleza taratibu: mtoto akirithi jeni ile kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimpati kirahisi. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake za damu hujikunja kama mundu, na mateso huanza. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha jambo hilo mwaka 1954. Katika nchi za mbu, mwenye jeni moja alipona, akakua, akazaa, akairithisha. Hayo ndiyo mageuko yenyewe. Hayako jangwani tu, yamo ndani ya mishipa yetu.

Wapatanishi wanasema Mungu aliumba kwa njia hiyo. Sawa, lakini kaiseme mbele ya dada yangu! Maana yake ni kwamba kinga ya mtoto huyu na kifo cha yule vilitoka mkono mmoja, kwa kukusudia. Msibani mtu alimwambia, "Mama, ni mpango wa Mungu." Nilitamani kumtoa nje.

Mwanasayansi atanikatiza: asili haina nia. Kweli, na hapo anampita pasta, kwa sababu hana wa kumtetea. Asiyekusudia halaumiwi. Ni sisi waumini tunaoleta nia, na tukishaileta, tumeleta na mashtaka.

Mimi bado naamini, ila kupatanisha nimeacha. Marafiki wa Ayubu walikuwa na maelezo mazuri sana, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, si yule aliyelalamika. Hilo hunishikilia kuliko hesabu ya vipindi virefu.

Dada ana binti mwingine. Walimpima, ana jeni moja. Mwaka huu alishikwa na malaria, na siku ya tatu alikuwa nje anaruka kamba. Dada alipiga magoti kushukuru, akanivuta mkono nipige naye. Nikapiga. Alipomaliza yeye, mimi nilikuwa sijapata neno la kuanzia.