Chombo Kimsemeshacho Mtoto

Msomaji, yamkini umewasikia watu wakibishana kama inafaa mtoto wa miaka sita afundishwe kwa mashine. Mmoja husema kwamba mtoto asiyezoezwa tarakilishi mapema ataachwa nyuma na dunia. Mwingine hujibu kwamba kioo chenye nuru kitamwibia akili. Wote wawili huitazama mashine. Mimi nakuomba umtazame mtoto, maana swali la haki na dhuluma haliko ndani ya chombo. Liko baina ya mtoto na watu waliomtilia chombo hicho mkononi.

Hapajapata kuwa na mafunzo yasiyo na chombo. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao wetu, watoto wa zama zilizopita waliandika aya kwa wino juu ya ubao wa mti. Walipokwisha kuihifadhi, ubao ulioshwa, ikaandikwa nyingine. Ubao ule ulikuwa ufundi wa wakati wake, wala haukuwa duni. Lakini angalia tabia yake: haukusema mpaka mtoto ausome, haukumwita alipokuwa akicheza, haukumsifu alipopatia. Ulingoja. Kishikwambi cha leo hakingoji. Huimba, hung'aa, hupiga makofi, na mtoto anapochoka na jambo moja kina jingine tayari. Mtu mzima anaweza kukifunika akakiweka kando, ingawa tunawajua wengi wanaoshindwa. Mtoto mdogo bado hana ulinzi huo juu ya mawazo yake mwenyewe. Walezi wake ndio walinzi wake, nao wamemkaribisha mlangoni pake mgeni asiyejua kunyamaza.

Nchi yetu imelijaribu jambo hili kwa kiasi kikubwa. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Ahadi ilipoanza kutimizwa, mwaka 2016, vilikuja vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za serikali. Kwa ajili yake shule nyingi zilipata umeme, na hiyo peke yake ilikuwa faida. Hata hivyo, ziko shule ambamo vyombo vilikaa kabatini chini ya kufuli. Watu walisema ni hofu ya wezi. Nadhani ilikuwa pia hofu ya mwalimu aliyekabidhiwa mali asiyofunzwa vema kuitumia, akajua kwamba kikivunjika ataulizwa yeye, lakini kisipotumiwa hataulizwa na mtu.

Karibu na wakati huo, mwaka 2015, mpango wa Tusome ulianza kuenea katika shule za nchi nzima. Humo mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe cha karatasi. Kishikwambi alipewa afisa wa elimu aliyezitembelea shule: aliketi darasani, akatazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akayaandika aliyoyaona ndani ya chombo, kisha akashauriana na mwalimu. Tathmini zilionyesha kwamba usomaji wa watoto uliongezeka. Usiharakishe kusema kwamba kishikwambi ndicho kilichofanya kazi hiyo. Vitabu na mafunzo ya walimu vilikuwa na sehemu kubwa. Ninalotaka ulitambue ni mahali palipowekwa mashine. Ilimsaidia mtu mzima amwone mtoto vizuri zaidi. Haikusimamishwa katikati yao.

Utanipinga, nawe una haki. Utasema kwamba mwalimu mwenye watoto sabini hamwoni hata mmoja, ila mashine humsahihisha kila mtoto papo hapo, haichoki, haikaripii, wala haina kipenzi. Na mtoto asiyeona anayesomewa maneno na chombo, je, anyang'anywe? Hasha! Kwake yeye chombo hicho ni kama fimbo mkononi mwake, na kumnyima ni ukatili. Lakini darasa la watoto sabini si tufani wala kiangazi. Ni jambo lililofanywa na watu, walipoamua fedha zitumike wapi. Tukimpa mashine mtoto aliyekosa mwalimu tumempunguzia njaa, na hilo si dogo. Tukisema kwamba amepata sawasawa na mwenziwe aliye katika darasa la watoto ishirini, tumesema uongo. Nami nachelea siku ambapo watoto wa matajiri watafundishwa na watu, watoto wa maskini watafundishwa na vyombo, na hali hiyo itaitwa maendeleo. Uswidi, nchi iliyotangulia katika mambo haya, ilianza mwaka 2023 kuwarudisha wanafunzi wake wadogo katika vitabu vya karatasi na mwandiko wa mkono. Hatulazimiki kuiga. Uswidi ina vitabu vya kurudia. Sisi tunazo shule ambamo kitabu kimoja bado husomwa na watoto watatu.

Wala usidhani jambo hili ni la wizara peke yake. Mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, masomo yaliendelezwa kwa redio, televisheni na intaneti. Huenda wewe mwenyewe ulikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Sauti ya redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, ikaendelea. Haikujua kama mtoto amejibu au ametoka kwenda kufukuza kuku. Aliyejua ni yule aliyeketi karibu naye, na katika nyumba nyingi huyo alikuwa kaka au dada yake. Leo mdogo wako akilia nawe una kazi, simu humnyamazisha upesi kuliko neno lolote. Kabla ya kumpa, je, umejiuliza ni nani anayekihitaji kimya kile? Na akisha kutazama hadithi iliyomo, ni nani atakayemwuliza ilikuwaje yule sungura akaponyoka, kisha akakaa akalisikiliza jibu lake hata mwisho?