Je, Nia Njema Yatosha?



Hapa Donholm, mjini Nairobi, tuliletewa mmea utambaao, uliochumwa uani, tukaambiwa: "Hii ndiyo handhali aliyoitaja Mtume (S.A.W.). Natuwachemshie wagonjwa wa sukari." Aliyeuleta hakutaka ila kheri. Je, nia njema yatosha?

Handhali ina sifa zake. Ni mmea wa jangwani, jamaa ya tikiti maji. Majani yake yamekatika-katika, nayo yakwaruza. Maua yake ni ya manjano. Tunda lake ni la mviringo kadiri ya chungwa, halina miiba, lina milia ya kijani, na likiiva huwa manjano. Nyama yake ni nyeupe, chungu mno, nayo huharisha hata damu. Tuliloletewa lilikuwa dogo, tena lenye miiba: tango la mwitu, si handhali.

Na lau lingekuwa handhali, hatari ingalikuwapo vile vile. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Musa Al-Ash'ari, Mtume ameipigia handhali mfano wa mnafiki asiyesoma Qur'ani: ladha chungu, harufu haina. Hapo hakuitaja kuwa ni dawa.

Tena imepokewa na Abu Daud kwamba atibuye watu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Nia husafisha moyo. Haigeuzi ujinga kuwa elimu.

Basi asiyejua naaseme: Allah ndiye Ajuaye. Neno hilo halimvunjii mtu heshima, na huenda likaokoa roho.