Sauti Iliyofika na Mwili Uliobaki

Mtu anayecheza gemu kwa kompyuta iliyo mbali huvaa hedseti masikioni, ilhali gemu yenyewe haiendeshwi pale alipokaa. Inaendeshwa na mashine iliyoko mji mwingine, pengine nchi nyingine. Picha na sauti humjia kwa intaneti, na kila anachobonyeza hurudi huko kwa njia hiyo hiyo. Ugumu mara nyingi huanzia kwenye maiki, kwa sababu baadhi ya programu za kuchezea kwa mbali ziliundwa zimletee mchezaji sauti ya gemu, si zipeleke ya kwake. Hapo hutafutwa programu nyingine, kama VirtualHere, inayoifanya mashine ya mbali ione hedseti kana kwamba imechomekwa kwenye tundu lake lenyewe. Kwa mashine, hedseti iko huko. Kwa masikio, iko hapa. Aliyeivaa je, yuko wapi?

Mwanafalsafa wa Marekani Daniel Dennett aliliuliza swali la namna hii mwaka 1978, kwa hadithi ya kubuni. Ubongo wake unahifadhiwa ndani ya chombo mjini Houston, na mwili wake unatumwa kazini Tulsa, huku viwili hivyo vikiwasiliana kwa redio. Anaposimama mbele ya ubongo wake na kuutazama, hawezi kujiaminisha kwamba yumo chomboni. Anajiona yuko pale macho yake yalipo.

Hedseti inaonyesha jambo hilo bila upasuaji wowote. Nyayo za adui zikisikika nyuma ya sikio la kushoto, mchezaji hushtuka na kugeuza shingo, ingawa nyuma yake hakuna kitu ila ukuta. Mama akimwita kutoka jikoni, haitikii. Hata hivyo mwili haukwenda popote: shingo iliyogeuka ni ya hapa, na jasho chini ya sponji za masikioni ni la hapa. Umbali nao haufutiki. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mashine iliyo umbali wa kilomita 6,000 haiwezi kujibu kabla ya milisekunde 60 kupita, hata mitambo ingekuwa bora kiasi gani.

Basi kuwapo si kitu kimoja, na wanazuoni wa dini wamelazimika kukipambanua kwa uangalifu kuliko wahandisi. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, liliamua kwamba mkataba unaofungwa papo kwa papo na watu walio mahali tofauti, kwa simu au redio, uhesabiwe kuwa ni wa watu waliohudhuria pamoja. Ndoa haikuingizwa katika hukumu hiyo, kwa kuwa inataka mashahidi. Kanisa Katoliki nalo, katika waraka wa Vatikani wa mwaka 2002 kuhusu intaneti, lilisema kwamba sakramenti hazipatikani mtandaoni. Tofauti inayojitokeza ni ya maana sana. Yako mambo yanayoutaka mwili wenyewe, kama maji ya ubatizo na mkate wa ekaristi. Yako mengine yanayotimia kwa neno likisemwa na kusikiwa: kuuza, kuahidi, kusamehe, kutukana.

Maiki ya mchezaji imo katika fungu hili la pili. Mwili wake umebaki chumbani, na hilo humlinda asipigwe ngumi; halilibatilishi neno lake. Akiwa ametukana, mwenzake aliye upande wa pili hakupokea tusi lililopunguzwa makali na umbali, bali amelisikia lote, ndani ya masikio yake mwenyewe, karibu kuliko ambavyo angelisikia barazani. Aliyetukana kwa hedseti amemtukana mtu aliye mbele yake, na radhi anapaswa kuiomba kwa sauti ile ile.