Je, Asiyejulikana Hana Lawama?

Liko swali la zamani ambalo walimu hupenda kuwauliza vijana: Mtu akiwa na hakika kwamba hapana amwonaye, je, atatenda yale yale atendayo mbele za watu? Zamani lilikuwa swali la kuwaziwa tu. Lakini tangu ilipokuja intaneti limekuwa swali la kila siku, na mahakama zimelazimika kulijibu. Basi twataka kulitazama katika jambo moja, nalo ni kugawana mafaili ya nyimbo, filamu na vitabu, kompyuta kwa kompyuta, pasipo idhini ya wenyewe.

Kwanza yafaa tuelewe jinsi kazi hiyo ifanyikavyo. Katika mwaka 1999 kijana Mmarekani, Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster, ambayo kwayo mtu aliweza kuchukua wimbo uliomo katika kompyuta ya mtu asiyemjua. Lakini orodha ya nyimbo zote ilikuwa mahali pamoja, mikononi mwa Napster wenyewe. Kwa hiyo makampuni ya muziki yaliposhitaki, mahakama ilijua pa kushika, na mwaka 2001 huduma ile ikafungwa. Mwaka uo huo Bram Cohen akatoa njia nyingine, BitTorrent. Katika njia hii faili hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila achukuaye huwapa wenziwe vipande alivyokwisha kuvipata. Wengi hawalifahamu neno hili, nalo lina uzito mkubwa mbele ya sheria. Mtu adhani amejichukulia wimbo wa kusikiliza peke yake, kumbe papo hapo anaugawa kwa watu wa nchi nyingi.

Tena wengi hudhani hawajulikani kwa kuwa hawakuandika jina. Lakini kipande hakiwezi kufika pasipo anwani. Kila laini ya intaneti ina namba yake, na aliyemo katika kundi la wagawanaji aweza kuziona namba za wenziwe. Mjumbe wa mwenye nyimbo huingia kundini kama mtu ye yote, akaandika namba na saa. Kisha hutafutwa hati ya mahakama ya kuilazimu kampuni ya intaneti itaje jina la mteja wake. Hivyo ndivyo makampuni ya muziki ya Marekani yalivyofanya. Mwezi wa Septemba 2003 yaliwashitaki watu 261 kwa mara moja, na hata yalipotangaza kuyaacha mashitaka ya namna hiyo, mwishoni mwa 2008, walioshitakiwa walikuwa maelfu.

Na adhabu haikuwa ndogo. Sheria ya Marekani yaruhusu kudai tangu dola 750 hata dola 150,000 kwa kila wimbo mmoja, ikiwa mtu alikusudia. Katika kesi moja ya Minnesota, juu ya nyimbo 24 tu, baraza la raia liliamua mwaka 2007 zilipwe dola 222,000. Hukumu hiyo ikatenguliwa. Kesi iliporudiwa mwaka 2009 malipo yakapanda kuwa dola 1,920,000. Na baada ya mabishano mengi, mahakama ya rufani mwaka 2012 ikarudi kwenye dola 222,000. Nyimbo hizo ziliuzwa kwa dola moja hivi kila mmoja.

Sasa tupime haki iko wapi. Wagawanaji husema, “Wimbo haupungui kwa kuchukuliwa.” Ni kweli, wala hatusemi ni sawasawa na kuiba mbuzi, maana mbuzi akiibwa zizi hupungua. Lakini mtunzi naye alifanya kazi, akaweka sharti lake; na kulivunja sharti la mtu kwa sababu tu hakuoni ni kumdharau.

Lakini mshitaki naye apimwe kwa mizani iyo hiyo. Namba ya intaneti huonyesha mlango, haimwonyeshi mtu. Katika nyumba ya wapangaji kumi, mwenye kulipa laini ni mmoja, watumiaji ni wote na wageni wao. Mwaka 2018 mahakama moja ya rufani huko magharibi mwa Marekani iliamua kwamba kuwa mwenye laini peke yake hakutoshi kumtia mtu katika lawama. Uamuzi huu twausifu. Kumdai mtu mali ya maisha yake yote kwa ushahidi wa mlango tu ni uonevu, hata kama mdai amedhulumiwa kweli.

Siku hizi wako wanaolipa kampuni ziwafichie namba zao. Hawa hawajaacha kujulikana. Wamebadili tu ajuaye siri yao. Wala kujificha si kosa kwa nafsi yake. Mwenye kufichua jeuri ya wakubwa huhitaji kufichwa jina, nasi twamheshimu. Wako pia wagawao kwa BitTorrent programu ambazo watunzi wenyewe wameziruhusu, kama zile za Linux, nao hawana la kuogopa.

Kwa hiyo twaona ya kuwa hatia haikai katika kuonekana, wala unyofu haukai katika kufichwa. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Lakini mtu mwenye busara hahesabu siku. Hujiuliza, “Kama mwenye kitu hiki angesimama mbele yangu, ningeweza kumwambia jina langu na nilichofanya?” Mshitaki naye na ajiulize, “Kama mtu huyu angesimama mbele yangu, ningethubutu kumtajia deni hili?” Wote wawili wakijibu kwa kweli, mahakama zitapata kupumzika.